Njia ya Nkamba inapitia Lubumbashi

Wahindu wa Pakistani huvuka nyika kavu ya Makran kwenda kuhiji kwenye pango la Hinglaj, na ugumu wa safari huhesabiwa kuwa sehemu ya ibada. Sisi Wakongo tuna Nkamba, kilima cha Kongo Central ambacho waumini wa Kanisa la Kimbangu hukiita Yerusalemu Mpya. Hija hiyo ina mguu mmoja hapa kwetu Lubumbashi, na wengi wetu hatulijui hilo.

Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Haikupita miezi sita, akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville, sasa Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliigeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mfungwa akaletwa katika mji uliopewa jina la mke wa mfalme huyohuyo: Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Katanga ilifaa sana kwa kumzika mtu angali hai. Kutoka Nkamba ni zaidi ya kilomita 1,500, na reli ya kutoka hapa hadi Port-Francqui, kwenye mto Kasai, ilikamilika 1928 tu. Kule watu husema Kikongo, huku Kiswahili. Ndugu yupi angemfikia? Alikaa kifungoni miaka 30, akafia humuhumu mjini tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake nao walihamishiwa mikoa ya mbali, na huko walikotupwa ndiko walikoieneza imani yao.

Kanisa lilitambuliwa na serikali Desemba 1959. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, mwili wa Kimbangu ulifukuliwa hapa ukarudishwa Nkamba. Leo mahujaji huvua viatu wanapoingia mji huo, huenda kwenye kaburi lake na huchota maji ya baraka. Hekalu lao, lililofunguliwa 1981, linasemekana kuchukua watu 37,000. Waumini wenyewe ndio waliosomba mawe yake.

Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima ya Kimbangu. Walimu wa Lubumbashi, siku hiyo ikikaribia, waelezeni wanafunzi kwamba miaka 30 ya habari hii ilipita katika mji wao.