Mkato mmoja, sifuri tisa

Mazoezi ya kufundisha yalinibana kweli. Huko nilipewa faili la alama za Kidato cha Pili nitafute wastani. Nikajifanya fundi, nikaandika kiprogramu: soma mstari, kata kila penye mkato, vipande viingie kwenye arei, cha pili ndiyo alama. Matokeo yake? Watoto 9 wana sifuri! Mwalimu wa darasa akaanza kuuliza siku ya mtihani walikuwa wapi. Kumbe wao majina yaliandikwa hivi:

"Masanja, Neema",71

Mkato wa kwenye jina nao umekatwa! Kipande cha pili kikawa Neema badala ya 71, na programu yangu kisicho namba inakihesabu sifuri.

Basi nikachimba historia yake. Enzi za kadi za kutoboa, kila taarifa ilikaa kwenye nafasi zake maalumu. Ukisogea tundu moja, umeharibu. Mwaka 1972 kompaila ya Fortran ya IBM ikakubali namba zitenganishwe kwa mkato tu, na FORTRAN 77 ikaliingiza hilo kwenye lugha rasmi. Ahueni kubwa jamani. Ila mkato ukawa na kazi mbili, kutenganisha na kuandikia. Dawa yake ni alama za mtajo: kitabu cha maelekezo cha kompyuta ya Osborne Executive, 1983, tayari kinaonyesha kuzungushia alama hizo maneno yenye mkato ndani.

Cha ajabu, kanuni za pamoja zimekuja kuandikwa Oktoba 2005, kwenye RFC 4180 ya Yakov Shafranovich. Miaka zaidi ya 20 kila programu inafanya lake! Na hata hiyo inatoa maelezo tu, hailazimishi mtu.

Kwa hiyo hukati ovyo. Unasoma herufi moja moja huku ukikumbuka uko ndani au nje ya alama. Mkato wa nje unafunga kipande. Wa ndani ni herufi kama nyingine. Ukiwa ndani ukakuta alama ya mtajo, chungulia inayofuata: zikiwa mbili pamoja, andika moja uendelee, ikiwa peke yake, umetoka. (Python ina moduli ya kazi hiyo tangu 2003. Ubishi wangu tu.)

Neema karudishiwa 71 yake, na wenzake nane pia. Mwalimu wa darasa nilimfuata mwenyewe ofisini nikamweleza. Hakucheka hata kidogo.