Kulinganisha shule za kati katika wilaya ya shule (Marekani)

Kulinganisha shule za kati katika wilaya ya shule ni zoezi linalofanywa na wazazi, walimu na serikali nchini Marekani ili kujua tofauti kati ya shule za umma zilizo chini ya mamlaka moja ya elimu. Shule ya kati hupokea watoto wa umri wa miaka 11 hadi 14 hivi, mara nyingi wa darasa la 6 hadi la 8, kabla hawajaingia sekondari. Kipimo kinachotazamwa kwanza ni matokeo ya mitihani, lakini yakisomwa peke yake yanaweza kueleza ni watoto gani walioingia shuleni kuliko kile walichofundishwa humo.

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wengi wa Marekani walisoma shule ya msingi hadi darasa la 8. Mwaka 1909 mji wa Columbus, Ohio, ulifungua shule ya pekee kwa ajili ya darasa la 7 hadi la 9, na miji mingine ikafuata. Kuanzia miaka ya 1960 mfumo wa darasa la 6 hadi la 8 ulienea na kuwa wa kawaida.

Jina "shule ya kati" lilitumika pia Tanganyika wakati wa ukoloni wa Waingereza, kwa shule za darasa la 5 hadi la 8.

Wilaya ya shule

Wilaya ya shule ni mamlaka ya mahali inayoendesha shule za umma. Mara nyingi huongozwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi, na sehemu ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo na ardhi. Katika wilaya nyingi mtoto hupangiwa shule kufuatana na anwani ya nyumba yake. Nyingine huruhusu familia kuchagua kati ya shule kadhaa za wilaya, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na uzito mkubwa.

Vipimo vinavyotumika

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliagiza wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 wapimwe kila mwaka katika kusoma na hisabati. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2015 iliendeleza agizo hilo. Kila jimbo hutakiwa kutangaza matokeo ya kila shule, yakigawanywa kwa makundi kama vile watoto wa familia maskini, wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza. Vipimo vya kawaida ni hivi:

* Kiwango cha ufaulu: asilimia ya wanafunzi waliofikia alama iliyowekwa na jimbo.
* Maendeleo: kiasi ambacho mwanafunzi amepanda akilinganishwa na wenzake walioanza na alama kama zake.
* Utoro sugu: kwa kawaida, asilimia ya wanafunzi waliokosa angalau sehemu moja ya kumi ya siku za masomo.
* Mazingira ya shule: idadi ya wanafunzi darasani, uzoefu wa walimu, adhabu za kusimamishwa masomo, na maoni ya wazazi na wanafunzi.

Jinsi wastani unavyoweza kupotosha

Tuchukue mfano wa kubuni wa shule mbili zenye wanafunzi 100 kila moja. Shule ya kwanza ina watoto 80 wa familia maskini, na 40 kati yao wamefaulu. Kati ya 20 waliobaki wamefaulu 18. Jumla ya ufaulu ni 58%. Shule ya pili ina watoto 20 wa familia maskini, na 8 wamefaulu. Kati ya 80 waliobaki wamefaulu 68. Jumla ni 76%.

Kwenye orodha shule ya pili inaonekana bora kwa mbali. Hata hivyo watoto maskini wamefaulu kwa 50% katika shule ya kwanza na 40% katika ya pili, na wengine kwa 90% dhidi ya 85%. Shule ya kwanza imeongoza katika makundi yote mawili. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kutazama makundi na maendeleo kabla ya wastani.

Mfano wa Wilaya ya 15, Brooklyn

Jiji la New York lina wilaya za shule za jamii 32. Wilaya ya 15 iko Brooklyn na inakutanisha mitaa yenye kipato kikubwa, kama Park Slope na Cobble Hill, na mitaa ya wafanyakazi na wahamiaji, kama Sunset Park na Red Hook. Zamani shule zake nyingi za kati zilichuja waombaji kwa alama, mahudhurio, mitihani au usaili. Watoto wa familia zenye uwezo walijazana katika shule chache zilizosifiwa, na sifa hizo zikaongezeka kwa sababu ya waliochaguliwa kuingia.

Mwaka 2018 jiji lilikubali mpango uliotokana na mikutano ya wazazi na walimu. Kuanzia wanafunzi walioingia mwaka 2019, mchujo uliondolewa katika shule zote 11 za kati za wilaya hiyo na nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu. Asilimia 52 ya nafasi katika kila shule zilipewa kipaumbele kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, wanaojifunza Kiingereza au wasio na makazi ya kudumu.

Mabishano

Wanaounga mkono mpango wa namna hiyo wanasema shule za umma ni mali ya watoto wote, na kwamba mchujo humwadhibu mtoto wa miaka 10 kwa hali ya nyumbani kwao. Wapinzani wanasema bidii ya mwanafunzi inapaswa kuhesabiwa, na kwamba watoto wengine hupangiwa shule za mbali. Orodha za madaraja ya shule nazo hulaumiwa kwa kuvuta familia zenye uwezo kwenye shule zilezile na kupandisha bei za nyumba zilizo jirani.

Tazama pia

* Elimu nchini Marekani
* Brooklyn
* Shule ya sekondari