Wananchi Wenzangu, Wala Si "Raia Wenza"

Majuzi nilirudishiwa tafsiri ya hotuba imejaa wino mwekundu. Nilipoandika "wananchi wenzangu" pamewekwa "raia wenza", kwa idhini ya jopo ambalo adabu inanizuia kulitaja. Kwa Mswahili, wenza ni wake wa mume mmoja, au siku hizi mtu na mkewe. Hotuba ya taifa ikageuka shauri la ukewenza.

Watetezi watanitajia "mgombea mwenza". Sawa: hao ni wawili, kura yao moja, wakizama wanazama pamoja. Watu zaidi ya milioni 61 wa sensa ya Tanzania ya 2022 nani kawafungisha ndoa hiyo?

Tuanze na raia. Kiarabu kina *raiyya*, kundi lililo chini ya mchungaji. Kutoka malishoni neno likahamia kwa watu walio chini ya sultani. Kwetu raia pia ni asiye askari, ndiyo maana tunasema polisi kavaa kiraia. Ni neno la anayetazama kutoka juu, au kutoka kambini.

Mwananchi hana mchungaji. Ni mwana wa nchi, kama mwanakijiji alivyo wa kijiji chake. Waganda humwita *munnansi*, na *nsi* yao ndiyo nchi yetu. Warundi wamekwenda mbali zaidi: *umwenegihugu*, mwenye nchi hasa. Jopo lingeuliza majirani kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.

Tena "mwenzi" wetu hapendi kutembea peke yake. Hushikana na kimilikishi hadi vikawa neno moja: mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Anayesema "wenzangu" amekwisha kujihesabu ndani. "Wenza" hawasemi ni wa nani. Msemaji kabaki nje, mikono mfukoni. Hilo si kosa la mtindo tu, ni kosa la maana, nami nimelieleza kwa barua tatu.

Kuhusu matumizi: sheria ibaki na raia, kama ilivyo katika Katiba ya 1977, jukwaani tuseme wananchi wenzangu, au ndugu wananchi.

Barua ya tatu imejibiwa. Wanashukuru kwa maoni, watayafanyia kazi. Jibu lao limeanza hivi: "Mdau mwenza."