Tiba ya Nafsi na Wanaume wa Usukuma

Imekuwa desturi ya watu wa zama hizi kusema kwamba mwanamume hapendi kutibiwa nafsi yake, na kwamba katika nchi kama Marekani, ambako zaidi ya theluthi mbili ya wanasaikolojia ni wanawake, hata yule mmoja anayejikokota mpaka mlangoni hurudi nyuma aonapo hakuna mwanamume mwenziwe wa kumpokea. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake; walakin mwenye kuitazama tarikh ya Usukuma, tangu mbuga za Shinyanga hadi vilima vya dhahabu vya Geita, atakuta kuwa wanaume wa huko walitafuta tiba ya nafsi kizazi baada ya kizazi, wala hawakuona haya, kwa kuwa tiba yenyewe ilipangwa kwa namna isiyomvunjia mtu muruwa wake.

Waganga wa Kisukuma, yaani bafumu, walikuwa wake kwa waume, na aliyewaendea hakuchagua jinsia bali sifa. Mtu aliyekosa usingizi, au aliyechukia chakula, au ambaye ng'ombe wake wamekufa mmoja baada ya mwingine hata moyo ukamwelemea, alishika njia pamoja na ndugu yake mmoja na kifaranga cha kupigia ramli. Huko hakutakiwa kueleza lolote. Mfumu alimpasua kifaranga mbele ya macho yake, akaanza kusoma alama zilizomo katika mifupa na matumbo, akitaja hili na lile, naye mwenye shida akasikiliza kimya, kwani kuigundua shida ilikuwa kazi ya mganga, wala haikuwa wajibu wa mgonjwa kuitangaza. Ikidhihirika kwamba masamva, yaani mizimu ya wazee, wamesahauliwa, aliamriwa kuwajengea kibanda uani, kuchinja, na kuwakusanya jamaa waliokwisha kutengana. Hivyo mtu aliyekuja akiwa na simanzi isiyo na jina alirudi nyumbani akiwa na kazi ya kufanya, na watu wa kuifanya naye.

Wala si kila dhiki iliyopelekwa kwa mfumu. Jioni, ng'ombe wakisharudi zizini, wanaume wakubwa kwa wadogo walikusanyika penye moto wa shikome, na hapo, kati ya hadithi, mafumbo na habari za malisho, mzee aliweza kumwonya kijana au kumliwaza mfiwa pasipo mtu yeyote kuhisi kwamba ameitwa kutibiwa. Kadhalika palikuwa na vyama vya siri na vya ngoma. Na miongoni mwavyo ni Buswezi, ambao Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, aliuandikia makala mwaka 1955, chama kilichowapokea waliosumbuliwa na pepo, kikawapitisha katika jando lake, kisha kikawapa udugu mpya wa kudumu.

Lakini insafu inatulazimu kusema na upande wa pili. Ramli ile ile iliyomwondolea mwanamume lawama ya udhaifu wake, mara nyingi ilimtafutia mtu mwingine wa kuibeba, na aghalabu mtu huyo alikuwa ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa nchini Tanzania zaidi ya watu 3,600 kwa tuhuma za uchawi, walio wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukuma. Basi faraja ya baba ililipiwa, katika nyumba nyingi, kwa damu ya bibi.

Kabla ya hapo wageni walikuwa wamekwisha kuleta mlango mwingine. Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Nao Waingereza wakafungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga, na hivyo mgonjwa wa Usukuma akawa aweza kusafirishwa mpaka Dodoma, mbali na masamva wake na shikome lake. Aliyesafirishwa hivyo aghalabu alikuwa mtu aliyekwisha kuvunja amani, aliyefikishwa mbele ya hakimu, akasindikizwa na askari. Mwanamume wa Kisukuma akajifunza kwamba tiba ya kizungu ya akili ni jambo la pingu, na ilimu hiyo haikufutika hata hospitali ya Bugando ilipofunguliwa Mwanza mwaka 1971.

Kisha yakaja machimbo. Mgodi wa Geita ulianza katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui ikagunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Na baadaye maelfu ya wachimbaji wadogo wakamiminika Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, wakaacha nyuma ng'ombe, wake na wazee. Mtu hushinda ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, akitegemea mgao wa mawe ambao huenda usifike, na jioni huwapo anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu juu ya makaa, akivuta mvuke ambao baada ya muda hutetemesha mikono, hufukuza usingizi na kuchafua tabia. Huko hakuna shikome. Pana kilabu cha pombe. Hata mganga amebadilika, kwani anayeendewa machimboni huulizwa habari za mali kuliko za moyo, na tamaa hiyo ndiyo iliyozaa, tangu mnamo mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa hii ya kanda ya ziwa, hata mwezi wa Januari 2009 serikali ikasimamisha leseni za waganga wa jadi.

Ndipo tulipo leo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanaume wanaokufa kwa kujiua ni takriban maradufu ya wanawake. Nayo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kana kwamba safari ile ya pingu haijesha. Kuwaongeza wanaume miongoni mwa washauri nasaha ni jambo jema, lakini halitatosha maadamu mshauri, awe wa jinsia yoyote, anamkalisha mchimbaji peke yake chumbani na kumtaka aanze kwa kuungama unyonge wake. Mababu zake hawakuukataa uganga wa mwanamke wala wa mwanamume. Walitaka wasiulizwe kabla ya kufahamiwa, waende na ndugu, na warudi na la kutenda. Anayetaka kuwatibu wajukuu wao na awafuate kwenye duara na katika vikundi vyao vya kazi, achukue utaratibu huo, na aiache ramli ya kumtafuta mchawi.