Ndiyo ya adabu: Shinyanga, Geita na somo la kumsikiliza mtumiaji

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo ya siku nne, halafu nikaenda nyumbani Geita likizo, na huko ndiko nilikopata cha kuandika. Leo ni historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo wale wa "fupisha bwana" vuteni kiti mapema.

Mafunzo yenyewe yalihusu kitu wanachokiita uzoefu wa mtumiaji. Usiogope jina. Maana yake ni kwamba kabla hujatengeneza programu, fomu au mashine yoyote, unakwenda kwanza kwa yule atakayeitumia, unaangalia anavyofanya kazi yake, unachora wazo lako kwenye karatasi, unampa alijaribu, unarekebisha. Siku ya kwanza tulipelekwa sokoni kuangalia tu bila kusema neno. Ya pili tukajifunza kuhoji. Ya tatu kuchora. Ya nne kumpa mtu mchoro na kufunga midomo. Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: usimuulize mtu kama amekipenda kitu chako, mpe mkononi, nyamaza, angalia vidole vyake.

Mimi nikaona ni maneno ya darasani tu. Nilikuwa na programu yangu ya simu, ya wachimbaji wadogo kuandikia gharama, mizigo ya mbale na mgao wa dhahabu. Nikafika nyumbani nimevimba kichwa. Nikamwonyesha mama mdogo, ambaye yuko mwaloni miaka mingi. Nikamuuliza, "Mama mdogo, unaionaje?"

"Nzuri sana mwanangu. Mungu akubariki."

Yaani nilifurahi! Usiku nikakumbuka ile sheria. Kesho yake nikampa simu nikamwambia aandike mzigo wa siku ile, nikanyamaza. Akaigeuza. Akagusa picha iliyokuwa juu, ambayo haikuwa kitufe. Akaigusa tena. Halafu akanirudishia akasema macho yake hayako sawa siku hizi. Macho yake yako sawa kabisa, wadau. Anaona chembe ya dhahabu ndani ya karai la matope ambayo mimi siioni hata nikionyeshwa.

Nilipokaa vizuri nikaona kwamba hesabu zao zipo tayari. Zipo kwenye ubao wa banda, mistari ya mkaa, mstari mmoja kwa kila mzigo, mahali ambapo kila mwenye fungu anaiona. Mama mdogo akanifafanulia taratibu: "Sasa hiyo ikiwa kwenye simu ya mtu mmoja, wenzake wataaminije?" Nikakosa jibu.

Halafu kwenye kona ya banda nikaona kijungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, kimeota kutu. Nikauliza hiki nini. Akacheka. "Hicho ni cha kuchomea zebaki. Walikuja watu wakatuonyesha, tukapiga makofi, tukasema ndiyo, wakapiga picha wakaondoka."

Hiyo ndiyo mada yangu leo: hiyo "ndiyo". Kwetu Usukumani mgeni hakatazwi usoni. Amesafiri, amevaa vizuri, unamwambia ndiyo, wabeja, unamsindikiza. Hiyo ni ndiyo ya adabu. Ndiyo ya kweli utaiona baadaye, kwenye mikono. Na historia ya Shinyanga na Geita, ukiisoma kwa jicho hilo, ni historia ya watu wakubwa waliochanganya ndiyo hizi mbili, na ya wachache waliojua kuzitofautisha.

Tuanze na mkoloni. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walihangaika na mbung'o. Idara yao ya utafiti wa mbung'o makao yake yalikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, na dawa kubwa ilikuwa kufyeka vichaka ili mbung'o akose pa kukaa. Mbung'o alirudi nyuma kweli, lakini miti nayo ikaondoka. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1947, ukaanza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, makao yake Malya. Wataalamu walihesabu ng'ombe, wakapima mmomonyoko, wakatoa amri: punguza mifugo, lima hivi, ng'oa mabua ya pamba kwa tarehe hii, hamia kule Geita kuliko na nafasi. Asiyefuata alipigwa faini.

Tuwe wa haki, walikuwa wamesoma ardhi vizuri, na malambo waliyochimba watu waliyatumia. Ila aliyelima hiyo ardhi hawakumsoma. Kwa mtaalamu ng'ombe alikuwa mzigo wa malisho. Kwa Msukuma ng'ombe ni benki, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa. Ukimwambia apunguze, ni sawa na mtu aje chuoni akwambie uchome nusu ya boom lako kwa faida ya uchumi wa taifa. Utaitikia ndiyo bwana, halafu utaficha.

Na ndivyo ilivyokuwa, mpaka hasira ikajaa. TANU ilipigwa marufuku kuendesha shughuli zake Usukumani kuanzia 1954, na marufuku haikuondolewa mpaka 1958. Mwaka huohuo wa 1958 serikali ikalazimisha Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ambalo watu hawakulitaka. Maelfu wakatoka Geita kwenda Mwanza kupinga, polisi wakatumia mabomu ya machozi. Mwishowe baraza lile likaachwa, na zile sheria za kilimo na mifugo nazo zikapoteza nguvu. Miaka kumi na moja ya mpango na fedha nyingi, na kilichokosekana ni kikao kimoja cha kweli na mwenye jembe.

Uhuru haukumaliza tatizo. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu Shinyanga pia. Wakaacha maboma yao ya zamani, na pamoja nayo wakaacha ngitili.

Kwa wasiojua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua, halafu linafunguliwa kiangazi kikikaza. Kuna ngitili za familia na za kijiji. Ni teknolojia ya wazee, haina mwongozo wa kurasa mia. Watu walipohamishwa mbali na maeneo yao, nani angelinda ngitili ya kule?

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga akaikuta inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wengi wanaujua kama HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wakajiunga. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche. Ndiyo, ya adabu hiyo, ilikuwepo kama kawaida. Lakini hapa wataalamu walifanya kitu tofauti: walikaa na wanakijiji, wakachora nao ramani za vijiji vyao, wakawauliza zamani mlifanyaje kabla hapajawa hivi. Jibu likawa ngitili. Na mara nyingi hata miche haikuhitajika, maana visiki na mizizi ilikuwa bado hai chini. Ukifunga eneo, miti inachipua yenyewe.

Usimamizi nao haukuletwa kwenye boksi. Sheria ndogo zilipitia kwenye dagashida, baraza la jadi, na sungusungu wakalinda. Matokeo? Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimefika angalau hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ardhi ileile, na watu ni watoto na wajukuu wa wale waliokataa mwaka 1958. Kilichobadilika ni nani aliulizwa, na aliulizwa lini.

Sasa turudi kwenye kile kijungu chenye kutu, maana hapo ndipo panaponiuma.

Mchimbaji mdogo akishasaga mbale kwenye karasha na kuosha mchanga, anachanganya na zebaki. Zebaki inashika dhahabu, inakuwa donge la kijivu. Donge linachomwa, zebaki inapaa kama mvuke usioonekana, dhahabu inabaki. Tatizo ni kwamba mvuke huo anauvuta mchomaji, na wengi huchomea nyumbani, jikoni, watoto wapo. Kile kijungu, ritoti, kinafunika donge. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inadondoka ndani ya maji na unaweza kuitumia tena. Kwenye karatasi kila mtu anafaidika: afya na pesa.

Geita ilikuwa kati ya sehemu zilizofanyiwa kazi kubwa kuhusu jambo hili. Mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, kuanzia 2002 hadi 2007, ulichagua nchi sita, na kwa Tanzania eneo likawa Rwamagasa. Mwaka 2003 madaktari walipima watu 211, yaani 180 wa Rwamagasa na 31 wa Katoro kwa kulinganisha, na dalili za sumu zilionekana hasa kwa wachomaji.

Kwa nini basi ritoti inaota kutu? Mama mdogo alinijibu kwa sentensi moja: "Hatuoni dhahabu." Ukichoma kwenye sahani ya wazi, wenye mafungu wote wanasimama pale wanaangalia. Hakuna wa kumshuku mwenzake. Ukifunga kwenye chuma, dakika zile za giza zinatosha kuvunja urafiki wa miaka. Halafu inachukua muda mrefu zaidi, inataka moto mkali, na watu wanahofia dhahabu itabaki ndani ya chuma. Ubao wa mkaa na ritoti, jibu lilikuwa lilelile, na mimi na mtengeneza chuma tulikosea palepale.

Waliofanya mradi ule hawakuwa vipofu kwa hili. Mafunzo yao yalikuwa ya vitendo, yaliwafuata wachimbaji walipo, na miongoni mwa walizofundisha kulikuwa na ritoti za vipande vya mabomba ya maji yanayouzwa dukani na za mabakuli ya jikoni. Kwingine duniani zimetumika hata za kioo, ili watu waone kinachoendelea ndani. Hayo ni majibu ya mtu aliyesikiliza. Lakini mradi huisha na zebaki haiishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na STAMICO ina vituo vya mfano vya kuchenjulia, kikiwemo cha Lwamgasa (ndiyo hiyohiyo Rwamagasa), ambako mchimbaji anajifunza kwa kuona na kushika njia zisizotumia zebaki. Ni hatua nzuri. Ila mwenye kajimzigo kadogo anayetaka hela ya unga leo jioni bado anachoma kwenye sahani.

Jambo la mwisho, kwa wanafunzi wenzangu. Darasani tuliambiwa jina "uzoefu wa mtumiaji" lilienea miaka ya 1990 kupitia Don Norman alipokuwa kampuni ya Apple. Sawa. Lakini miaka ya 1970 hapahapa Tanzania, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland na watafiti wa Kitanzania walikuwa wanafanya utafiti shirikishi, na mradi wao wa Jipemoyo kule Bagamoyo uliwachukulia wanakijiji kama watafiti wenza, si vitu vya kuchunguzwa. Na Robert Chambers, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki, aliandika kitabu kizima mwaka 1983 akiwasema wataalamu wanaotembelea vijiji vya kando ya lami na kurudi na majibu. Kwa hiyo msije mkadhani somo hili ni la kuagiza kutoka California. Limeshatolewa kwetu kwa gharama kubwa, ni sisi tu hatujalisoma.

Nimeifuta ile programu. Siku tatu za mwisho wa likizo nilikaa bandani nikibeba maji na kunyamaza. Sasa nina mchoro mmoja tu wa karatasi: ubao mkubwa wa wote, kila mwenye fungu anaweka alama yake mwenyewe, na simu inapiga picha ya ubao jioni, basi. Mama mdogo aliangalia akasema, "Hapa mstari wa karasha umeusahau." Hakusema nzuri sana mwanangu. Hiyo ndiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Ila asubuhi naondoka alinimiminia chai, na kikombe kikagonga sahani mara tatu nne kabla hajakiweka. Mimi si daktari, sisemi ni zebaki. Nimemwomba aende kupimwa. Akasema ndiyo.

Nitampigia Jumamosi kujua ilikuwa ndiyo ipi.

Naomba kuwakilisha.