Pojo ni mbegu iliyolala: iamshe kabla ya kuipika

Hapa Pipeline, Embakasi, ninakoishi, maji twanunua kwa mtungi wa lita 20. Juzi jirani aliniona nikichuja pojo nilizoloweka usiku kucha. "Dada, mbona wamwaga pesa?" akaniuliza. Swali lake lina haki, nami namjibu hapa.

Pojo, ambazo Nairobi huitwa ndengu na Tanzania choroko, zina protini, chuma na zinki. Lakini mbegu huweka akiba ya fosforasi katika kemikali iitwayo fitati, nayo hushikana na chuma na zinki tumboni, mwili usiweze kuyafyonza vizuri. Ndipo mtoto aweza kula ndengu kila siku na bado apungukiwe na damu.

Maji huiamsha mbegu. Vimeng'enya vyake huanza kazi: fitasi huvunja fitati, amilesi hukata wanga kuwa sukari. Pojo ikichipua hutengeneza vitamini C, ambayo katika punje kavu ni haba mno. Vitamini hii ni antioksidanti, yaani hukinga chembe za mwili zisiharibiwe na oksijeni, na pia husaidia kufyonza chuma.

Si kila antioksidanti husaidia hivyo. Tanini, iliyomo kwenye mtama mwekundu na majani ya chai, huzuia chuma. Chai basi ingoje kama saa moja baada ya chakula.

Njia yenyewe ni rahisi. Loweka pojo saa 8 hadi 12, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili utaona vichipukizi. Zipike ziive, kwani joto na unyevu huzalisha bakteria pia, ila usizirojeshe, maana moto mwingi hupoteza vitamini C. Tui la nazi utie mwishoni kama kawaida.

Kwa uji wa mtoto kuna kimea cha wimbi. Wataalamu wa lishe Tanzania walikichunguza miaka ya 1980: kijiko kidogo cha unga wake hulainisha uji mzito, mtoto akapata chakula kingi katika bakuli moja. Vichipukizi vya mtama vina sianidi, kwa hivyo wimbi ni salama zaidi. Ghorofa zetu zimebanana, jua halifiki dirishani. Kaushia kwenye paa. Kikiota ukungu, tupa, kwa sababu ya hatari ya aflatoksini.

Na maharagwe mekundu? Kuloweka pekee hakutoshi. Yana lektini, sumu inayotapisha, hivyo yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza, kisha upunguze moto.

Kuhusu pesa: pojo zilizolowekwa huiva upesi, gesi ikabaki. Na maji yale, jirani yangu, simwagi bure. Nasukumia choo.