Kiberiti na Moto wa Biri

Neno kiberiti tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si kijiti cha kuwashia moto, bali ni yale madini ya manjano yanukayo vikali yaunguapo. Kijiti kilipewa jina la dawa ya kichwani mwake. Basi mtu akituuliza kwa nini mvuta biri hodari huwasha kijiti, kisha hungoja kidogo kabla ya kukisogeza, jibu limo katika jina lenyewe: hataki tumbaku yake inuke kiberiti.

Hapo kale moto ulipatikana kwa taabu. Wazee wetu walipekecha kijiti katika ubao mkavu. Watu wa Ulaya waligonga chuma juu ya gumegume, cheche ikaangukia kitambaa kilichounguzwa. Mwaka 1827 John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees katika Uingereza, alianza kuuza vijiti vya kukwaruzwa katika karatasi ya msasa. Karibu na mwaka 1830 Mfaransa Charles Sauria alitia fosforasi nyeupe, navyo vikawaka popote, hata katika soli ya kiatu. Wavuta biri walifanyiziwa viberiti vya kichwa kikubwa, vyenye shura na makaa, ili visizimwe na upepo.

Lakini raha hiyo ililipiwa na wengine. Mvuke wa fosforasi nyeupe uliwaingia wafanyakazi wa viwandani kwa njia ya meno mabovu, na taya likaoza mtu angali hai. Mwezi wa Julai 1888 wanawake na wasichana wapata 1,400 wa kiwanda kimoja cha London waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na faini, na ugonjwa huo nao ulikuwa miongoni mwa mashaka yao. Tena dawa ilikuwa imekwisha kujulikana! Mswidi Gustaf Erik Pasch alivumbua mwaka 1844 njia ya kutenga dawa mbili, fosforasi nyekundu ikipakwa ubavuni mwa kisanduku, na nyingine kichwani mwa kijiti. Na ndugu wawili Lundström wa Jönköping wakaitengeneza vema zaidi. Ila viberiti vya kale vilikuwa rahisi, na watu walivipenda. Ndipo mwaka 1906, huko Bern, mataifa kadhaa yalipopatana kuikataza fosforasi nyeupe.

Ama ustadi wa kuwasha biri ni huu: moto husogezwa karibu na ncha bila kuigusa, na biri huzungushwa polepole hata ukingo wote uwe mwekundu sawasawa. Wengine hutwaa kibanzi cha mbao iitwayo mwerezi wa Kihispania, ingawa si mwerezi wa kweli. Hukiwasha kwa kiberiti, na kwa kibanzi huwasha biri, ili harufu ya dawa isifike kabisa.

Hivyo mvutaji aliweza kujikinga na harufu ya nukta moja. Yule msichana aliyekichovya kijiti katika dawa aliivuta mchana kutwa. Twafundishapo neno hili shuleni, tusiishie kwenye asili yake ya Kiarabu; tuwasimulie watoto na habari za mikono iliyokifanya kijiti.